Wavu wa Iliki

Isidori: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Mbona hii namba… aisee, hii si namba ya marehemu?

Ila: Isidori! Ni mimi, Mama Manan, wa ghorofa ya sita—

Isidori: Ee Mungu wangu! Mama, umenitoa roho. Naona simu imeandika "Mzee Champaklal", nikasema leo ndiyo nimeitwa. Shikamoo mama.

Ila: Marahaba, marahaba, acha salamu. Simu yangu imeisha chaji, nimechukua ya Mzee. Uko wapi?

Isidori: Si niko dukani, hapa chini yako. Nampimia mteja turubai.

Ila: Mwache. Toka nje uangalie juu.

Isidori: Juu wapi? Kuna moto?

Ila: Mwewe! Mwewe kamchukua Iliki!

Isidori: Kamchukua nani?

Ila: Iliki! Mbwa wa Mzee! Sasa hivi, hapa juu ya paa, mbele ya macho yangu. Kamkamata mgongoni, kaondoka naye. Toka nje, Isidori, toka!

Isidori: Natoka, natoka— Josepha! Mke wangu, shika futi, mmalizie huyu dada. Nakuja! Si nimesema nakuja! (vishindo) Haya nimetoka mama. Naona nyaya za umeme na mitumba iliyotundikwa, mwewe simuoni. Kaelekea wapi?

Ila: Mtaa wa Gerezani. Anavuka barabara ya mwendokasi. Anashuka, anapanda, anashuka. Mbwa anamwelemea.

Isidori: Lazima amwelemee. Siku ile Mzee alimpima kwenye mizani yake ya viungo, gramu mia tisa. Mwewe mwenyewe sidhani kama anafika hapo.

Ila: Wewe unanipigia hesabu za mizani? Kimbia!

Isidori: Nakimbia mama, hivi ndivyo ninavyokimbia. Nina kitambi— samahani kaka, samahani— nipishe dada, hizo sahani zako sijazigusa!

Ila: Unamwona?

Isidori: Bado. Analia? Mbwa analia?

Ila: Mwanzo alilia. Mara moja. Sasa simsikii, kuna honi nyingi.

Isidori: Mama, hivi… ule wavu wa paani umekuwaje?

Ila: Kimbia kwanza.

Isidori: Maana niliufunga mwenyewe. Kona zote nne, kamba ya nailoni, ile nzito ninayowauzia wavuvi wa Feri. Umekatika wapi?

Ila: (kimya)

Isidori: Mama?

Ila: Mtandao unakatakata.

Isidori: Mimi nakusikia vizuri tu. Au ni ile kona ya tanki la maji? Ni ile mama, najua. Wiki iliyopita nilipopanda niliiona imelegea. Nikasema nitarudi na koleo kesho. Kesho, kesho, mpaka leo.

Ila: Isidori, wewe—

Isidori: Nimejimaliza mwenyewe. Mzee aliniambia mimi, pale kitandani hospitali, akanishika mkono huu. "Isidori, mimi nikienda, mwavuli utakosa mtu." Hakusema kingine. Mtu anakufa, na anachowaza ni nani atashika mwavuli.

Ila: Kariakoo nzima ilikuwa inamcheka kwa ule mwavuli.

Isidori: Walimcheka kweli. Jua kali, hakuna hata wingu, na mzee wa miaka themanini na moja anazunguka juu ya paa na mwavuli mweusi. Mbwa yuko kivulini, yeye mwenyewe anaungua.

Ila: Alikuwa anasema mwewe akiona mwavuli anadhani ni mwewe mwenzake mkubwa.

Isidori: (anacheka kidogo, anahema) Na miaka minne hakuna aliyethubutu kushuka. Mimi nimeweka wavu, nimetundika sidii kuukuu zing'ae ziwatishe, nimejiona injinia. Miezi mingapi? Hata kumi na moja haijafika.

Ila: Uko wapi sasa?

Isidori: Nipo kwenye mwendokasi, nasubiri basi lipite. Na nyuma yake kuna jingine. Huyu kijana anayeuza soksi hapa ananiuliza nimepoteza nini, nikamwambia mbwa. Ananiuliza mbona natafuta mbinguni.

Ila: Usimjibu.

Isidori: Simjibu. Wote wanacheka hapa. Wacheke tu. Haya, limepita! Nakata barabara.

Ila: Ngoja— Isidori, wako watatu sasa.

Isidori: Watatu nini?

Ila: Mwewe. Wanazunguka. Hawana kitu miguuni.

Isidori: Yule wa kwanza pia hana kitu?

Ila: Siwatofautishi, wote wanafanana. Hakuna aliyeshika kitu. Wanazunguka sehemu moja tu.

Isidori: Basi kamwangusha.

Ila: Kuangushwa ni vizuri au vibaya?

Isidori: Inategemea na alikoangukia mama. Wanazunguka juu ya nini?

Ila: Paa la bati refu, lina kutu. Wamepanga matairi juu yake. Pembeni kuna mti wa mwarobaini.

Isidori: Hilo ni gereji. Kuna fundi wa spring pale, Abdulmalik, namfahamu. Naenda huko huko. Mama, usiache kuangalia. Wakianza kushuka niambie.

Ila: Mmoja ameshuka.

Isidori: Piga kelele!

Ila: Nipige kelele kutoka hapa? Nani atanisikia, Isidori? Mimi ni bibi niko paani, juu ya ghorofa ya sita!

Isidori: Basi mimi nitapiga. Oyaa! Oyaa, juu ya bati! Rusheni jiwe! (anakohoa) Wananiona chizi.

Ila: Amepanda tena. Umemtisha. Endelea.

Isidori: Oyaa! (anahema) Mama, ngoja nitembee kidogo, kifua kinabana.

Ila: Pumzika. Hapana, usipumzike. Sijui. Unajua mimi yule mbwa sikumpenda.

Isidori: Najua.

Ila: Unajuaje?

Isidori: Ulikuwa unamfukuza na ufagio.

Ila: Sikumpiga hata siku moja. Nilimsogeza. Mbwa jikoni kwangu, ninapopikia chakula cha Mungu? Na Mzee alikuwa anaongea naye kutwa, tena Kiswahili. Mimi Kigujarati, chumvi imeisha, dawa umekunywa? Mbwa Kiswahili, na utani wote. Miaka hamsini na mbili nimeishi naye, na utani kaenda kumpa mbwa.

Isidori: Mama, nimefika kwenye geti. Nitamuomba Abdulmalik ngazi. Lakini nataka nikwambie, hili kosa ni langu. Ile kona ningeikaza—

Ila: Isidori.

Isidori: —dakika tano tu ingenichukua—

Ila: Isidori, nyamaza. Wavu haukukatika.

Isidori: Haukukatika?

Ila: Niliufungua.

Isidori: Uliufungua wewe?

Ila: Kona ya tanki. Kwa mikono yangu, na kisu cha mboga. Nimekaa hapa nakusikiliza unajilaumu, nikakuacha. Nisamehe.

Isidori: Lakini kwa nini mama? Jamani, kwa nini?

Ila: Leo ni siku ya Mzee. Kwa kalenda yetu ametimiza mwaka. Si unajua wiki hizi mbili tunawakumbuka wafu wetu? Tunapika alichokuwa anapenda marehemu, tunapeleka paani, tunawaita kunguru. Kunguru akila, marehemu amekula.

Isidori: Naijua. Mzee mwenyewe kila mwaka alikuwa anapanda na sahani ya baba yake.

Ila: Wakati huo hakukuwa na wavu. Leo nimeamka saa kumi na moja, nimekaanga mikate ya puri, nimechemsha maziwa na mchele mpaka yakawa mazito kama alivyoyapenda. Toka saa mbili asubuhi niko huku juu naita, kaag, kaag, mpaka sauti imekauka. Kunguru kumi wamekaa ukutani wananiangalia. Hawaingii. Wanaogopa wavu, wanaogopa zile sidii zako.

Isidori: Ungeniita mama. Ungeweka sahani nje ya wavu—

Ila: Nje ya wavu ni ukingoni. Ingewaangukia wamachinga kichwani. Na saa sita ilikuwa inakaribia, ikipita saa sita ndiyo basi. Nikasema mume wangu mwaka wa kwanza tu, na atashinda njaa, amefungiwa nje kwake mwenyewe kwa kamba. Nikafungua kona moja. Dakika kumi, nilisema. Waingie, wale, nifunge.

Isidori: Na Iliki? Si huwa anakaa ndani ukiwa juu?

Ila: Alinifuata. Alisikia harufu ya maziwa. Nilimwona kwenye ngazi, nikataka kumrudisha, halafu nikasema leo ni siku ya baba yake, naye awepo.

Isidori: Walishuka? Kunguru?

Ila: Walishuka. Wakala yote. Hata ile puri iliyoungua. Isidori, nilifurahi mpaka nikalia. Macho yangu yalijaa machozi, ndiyo maana sikukiona kivuli.

Isidori: Pole mama. Pole sana.

Ila: Kunguru wote waliruka kwa pamoja, nikadhani wameshiba.

Isidori: Na mimi nina la kwangu. Ile vesti ya miiba uliyoniambia nimtengenezee Iliki, ya turubai na vile vipande vya plastiki vya kuchoma?

Ila: Ulisema bado.

Isidori: Josepha aliimaliza Jumatano. Iko chini ya kaunta. Wateja, wateja, nikawa nasema nitapanda nayo. Angekuwa ameivaa, mwewe asingemshika.

Ila: Basi tuko wawili.

Isidori: Tuko wawili mama. Habari za kazi Abdulmalik! Naomba ngazi, kaka, haraka. Kuna mbwa juu ya bati lako. Sitanii. Kitoto? Hapana, ni mtu mzima, ndivyo alivyo. (vyuma vinagongana) Anapanda yeye mama. Mimi ngazi hii hainibebi.

Ila: Huyo si Mwislamu? Atamgusa?

Isidori: Amevaa glovu za kuchomelea. Anasema atanawa mara saba, kazi ya kunawa ni yake, nisimuonee huruma. (bati linalia) Yuko juu. Anatembea kwenye mbao, bati limeoza.

Ila: Mwambie aangalie kwenye matairi.

Isidori: Anaangalia. Amesimama. Ameinama.

Ila: Nini?

Isidori: Ngoja mama.

Ila: Isidori, nini?

Isidori: Amempata. Yuko ndani ya tairi. Anapumua! Mama, anapumua!

Ila: Are! Anapumua? Falguni! Falguni, anapumua! (kelele nyuma) Mkwe wangu yuko hapa, anampigia Benjamini, daktari wa mifugo. Ana damu?

Isidori: Anashushwa. Taratibu Abdulmalik, taratibu. Nimpe huku.

Ila: Ana damu, Isidori?

Isidori: Kidogo mama.

Ila: Kidogo kiasi gani?

Isidori: Kidogo tu. Vipi daktari?

Ila: (kwa mbali) Anasemaje? … Mwambie aje hivyo hivyo! … Benjamini yuko Kigamboni, kaenda kuchanja ng'ombe. Anasema pantoni moja ni mbovu, foleni ya kuvuka imefika juu barabarani. Masaa mawili, labda zaidi.

Isidori: Masaa mawili.

Ila: Utaweza kusubiri naye masaa mawili?

Isidori: Mimi naweza kusubiri mama.

Ila: Nimeelewa.

Isidori: Nampa maji kwenye kifuniko. Hanywi.

Ila: Falguni ananiambia hapa, "Mama usilie, baba amekuja kumchukua mbwa wake." Nyamaza Falguni! Nenda ndani. Mzee hakuwahi kuchukua hata kijiko humu ndani bila kuniuliza. Angekuja angebisha hodi. Yule ni mwewe, ana njaa, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Isidori: Usiseme hivyo.

Ila: Niseme vipi? Nidanganywe na mtoto wa juzi? Alikuwa kitu chake cha mwisho, Isidori. Nguo nimegawa, kiti Manan kachukua. Kilichokuwa kinapumua kimebaki hicho kimoja.

Isidori: Mama… anatetemeka. Ametulia mapajani kwangu lakini anatetemeka. Sijui nimfanyie nini. Mzee angekuwepo angemwongelesha.

Ila: Mpe simu.

Isidori: Nani?

Ila: Iliki. Weka simu sikioni kwake.

Isidori: Sawa. Ngoja nifute mkono. Haya, ongea mama, iko sikioni.

Ila: Iliki. Iliki, ni mimi. Yule wa ufagio. Nakwambia kwa Kiswahili maana najua ndiyo chako. Unaniaibisha wewe, unalala mapajani kwa mtu wa kamba mbele ya mafundi. Nani alikwambia unifuate juu? Mwaka mzima ukiiona miguu yangu unaingia chini ya kitanda. Nakuwekea chakula, husogei mpaka niondoke. Nakuita, unageuza kichwa ukutani. Leo ndiyo umeamua kuniamini? Leo? Siku zote hizi, ukachagua leo?

(kimya)

Ila: Ulipita kati ya miguu yangu. Mkia unatikisika. Nilijua unadhani Mzee yuko juu, na mimi nilikuwa nadhani hivyo hivyo. Wote wawili tumepanda kumtafuta mtu mmoja. Sikia, ukirudi utalala kitandani kwangu, upande wake. Jikoni pia uingie. Nitamwambia Mungu. Iliki? Unanisikia?

Isidori: (kwa mbali) Nimeona, Abdulmalik. Nimeona. Usiseme kitu.

Ila: Nani huyo? Anasema nini?

Isidori: Fundi tu mama. Anasema… anasema anakusikiliza vizuri. Masikio yamesimama. Endelea.

Ila: (kimya)

Isidori: Mama? Endelea tu.

Ila: Iliki masikio yake hayajawahi kusimama, Isidori. Toka siku Mzee alipomleta kwenye mfuko wa koti, yameinama. Usingizini yameinama, akibweka yameinama. Nilikuwa namwangalia. Mlidhani simwangalii.

Isidori: Nisamehe mama.

Ila: Saa ngapi?

Isidori: Sasa hivi. Ulipokuwa unamuuliza kwa nini kakuamini leo.

Ila: Alisikia?

Isidori: Sijui mama. Kweli kabisa, sijui.

Ila: Ahsante kwa kutonidanganya mara ya pili.

Isidori: Abdulmalik analeta kiroba, anasema kisafi—

Ila: Hapana. Asiwekwe kwenye kiroba.

Isidori: Simuweki. Navua shati langu hapa.

Ila: Utapita Kariakoo kifua wazi?

Isidori: Nitapita.

Ila: Watakucheka tena.

Isidori: Watacheka, watachoka.

Ila: Mwambie Abdulmalik nimemshukuru. Mwambie… (mlio kwenye simu) Huyu dada wa kwenye simu ananiambia salio limeisha. Isidori?

Isidori: Nipo mama.

Ila: Si unajua Manan ndiye anayeiwekea salio hii laini ya baba yake, isifungwe. Nitamwambia nini kuhusu Iliki?

Isidori: Tutamwambia wote. Nakuja sasa hivi mama, nakimbia—

Ila: Usikimbie. Utaanguka naye bure. Tembea tu, mwanangu, hatuna tena hara—